Wanatuuliza mapema mno

Kama uliingia Marekani kwa njia ya ukimbizi basi kuna uwezekano mkubwa ile karatasi ulikutana nayo, labda umeisahau tu maana wiki zile za mwanzo ni karatasi juu ya karatasi. Ni kwenye chekapu ya kwanza, ile keisiwoka, mfanyakazi wa shirika linalokupokea, anakupeleka kabla miezi mitatu haijaisha, wanakutoa damu, wanakuchoma sindano ambazo unaapa ulishachomwa kambini, halafu anakuja nesi na karatasi ina michoro ya chupa, ya kwanza tupu, inayofuata ina kidogo, mpaka ya mwisho imejaa pomoni. Maswali 15. Mwezi uliopita uliumwa misuli, mifupa, viungo? Ulikuwa na huzuni? Mawazo mengi? Unashtuka ghafla bila sababu? Unalia haraka? Wewe kazi yako ni kuonyesha chupa, tupu ni hakuna kabisa, iliyojaa ni sana. Wenyewe wanaiita RHS-15, ilitengenezwa kule Seattle ili kuona kama mkimbizi anasumbuliwa na huzuni, hofu na mawazo, ya Kiswahili pia ipo, na mimi sina ugomvi nayo kabisa, maswali yake ni ya mtu anayejua anachouliza.

Baba yangu alionyesha chupa tupu kuanzia swali la kwanza mpaka la mwisho. Mama hivyo hivyo. Mimi na mdogo wangu anayenifuata hivyo hivyo. Familia nzima ya kutoka Fizi, mashariki ya Congo, tumepita kambi za Kigoma, Tanzania, kwanza Lugufu halafu Nyarugusu, tumezika watu njiani, na hatuna hata maumivu ya goti! Nesi akafurahi, akaandika, tukarudi nyumbani.

Hiyo ilikuwa 2016, hapa hapa Kentucky. Leo mimi ni mkalimani wa simu wa mahospitali, natafsiri Kiswahili kutwa nzima, na mambo ya wagonjwa siwezi kuyasema hapa wala popote, lakini nikikaa na watu wetu kanisani au kwenye harusi naona baba hakuwa peke yake. Karibu kila mtu alionyesha chupa tupu. Na kitu kinachonikera, kinachonifanya niandike leo badala ya kulala, ni kwamba wanatuuliza wakati ambao hakuna anayeweza kujibu, halafu ukifika wakati mtu ana majibu tele, anayeuliza hayupo tena.

Niseme kwanza kwamba mwanzoni watu wana furaha kweli, siyo maigizo. Ule mpango mkubwa wa kuhamisha Wakongomani wa Nyarugusu ulipotangazwa 2015, watu kama 32,000, kambi nzima ilibadilika, mtu akiamka asubuhi kitu cha kwanza ni kwenda kwenye ubao kutafuta jina lake. Intavyuu, intavyuu nyingine, alama za vidole, medikali ya IOM, lile shirika la uhamiaji linalosafirisha wakimbizi, yale masomo ya jinsi ya kuishi Marekani, halafu siku moja umeshika ule mfuko mweupe wa IOM umekaa kwenye kiti cha ndege na viatu vipya vinakubana. Unafika unakuta nyumba ina vitanda, friji ina kuku, maji ya moto yanatoka ukutani. Sasa mtu wa hivyo umuulize kama ana huzuni? Ataona unamtania. Au ataona unamtafutia sababu ya kumrudisha.

Hapo kwenye kurudishwa ndo penyewe. Sisi tumelelewa na intavyuu. Kambini kila mtu anamjua mtu ambaye kesi yake ilienda holdi kwa sababu tarehe aliyosema kwa UNHCR, wale wa wakimbizi wa Umoja wa Mataifa, haikufanana na tarehe aliyowaambia Wamarekani, au watoto aliowataja hawakulingana na wale walioandikwa, au medikali walimkuta na TB familia nzima ikasubiri apone. Kwa hiyo mtu anajifunza kwamba jibu lina madhara. Anajifunza kuipanga vita yake. Baba anaweza kukuhadithia Makobola bila sauti kutetemeka, kwa mpangilio ule ule, nani alitangulia kukimbia, nani alibaki, mtumbwi ulitoka saa ngapi, kwa sababu ameisema miaka na miaka mbele ya meza huku mtu anaandika. Kwa ambao hampajui, Makobola ni kwetu huko kando ya Ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Baraka, na kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 kuingia mwaka mpya wa 1999 wanajeshi waliua mamia ya raia pale, wanawake, watoto, watu wa kanisa. Umoja wa Mataifa wameiandika kwenye ripoti yao ya 2010. Sisi hatukuhitaji ripoti. Ila ninachosema ni hiki, ile hadithi baba anayoijua kwa moyo ni ya faili, ya kwake mwenyewe alikuwa hajawahi kumwambia mtu, hata mama.

Halafu kuna mimi. Yaani mkalimani. Kwenye mji kama wetu Wakongomani tunajuana wote, Kiswahili unakisikia Walmart, unakisikia kituo cha basi, na yule anayekaa katikati yako na daktari unakuta ni shemasi wenu, au ni kijana anayepiga kinanda kwenye kwaya ya binti yako. Mama aliyebakwa barabara ya kwenda shambani atafungua mdomo mbele ya huyo? Sheria inatufunga wakalimani, hakuna kusema cha mgonjwa nje, na wengi wetu tunaiheshimu, lakini mama yule hajasaini mkataba wangu na hana sababu ya kuamini. Anaonyesha chupa tupu, anafunga kitambaa chake vizuri, anaondoka.

Sasa chupa inajaa lini? Kwa ninavyoona inaanza pale faili linapofungwa. Shirika linalokupokea linakushika siku 90 za mwanzo. Ile hela ya serikali na bima ya wakimbizi kwa wasiopata Medicaid, ile bima ya serikali ya wenye kipato kidogo, ilikuwa miezi 8 kwa miaka mingi, ikaongezwa ikawa 12 mwaka 2022, wanaoingia tangu Mei 2025 ni miezi 4 tu. Baada ya miezi sita unaanza kulipa tiketi ya ndege. Watu wa nyumbani hili hawaliamini kabisa, wanadhani tulibebwa bure, hapana jamani, ni mkopo, hauna riba lakini ni mkopo, na kwa familia ya watu wanane ni maelfu ya dola. Weka renti, weka gari maana bila gari huku wewe ni mfungwa, weka bima ya gari ambayo hukujua kama ipo duniani. Basi kila mtu anaingia kazini na kazi ya asiyejua Kiingereza mnaijua, kuku, nyama, maboksi, mashuka ya hoteli, tena shifti ya usiku maana inalipa senti kidogo zaidi.

Baba Nyarugusu alikuwa kiongozi wa kijiji, pale kambini tuna zoni na zoni ina vijiji, na watu walikuwa wanaamka wanamkuta mlangoni wanasubiri awaamulie. Mahari, mipaka ya bustani, mtu amemtukana mkwe wake. Hana mshahara lakini akipita watu wanasimama. Huku alisimama yeye, masaa kumi, kwenye baridi ya kiwanda, anakata mabawa ya kuku, na bosi wake ni kijana mdogo kuliko mimi anayemwita kwa kupiga makofi. Anarudi nyumbani, barua imefika, hawezi kuisoma, anamwita mdogo wetu wa mwisho ambaye wakati ule alikuwa darasa la sita. Huyo mtoto ndiye alikuwa anaongea na watu wa umeme, na watu wa maji, na mwenye nyumba, na shuleni kwake mwenyewe pia, fikiria hiyo. Mwalimu anaongea dakika nzima, uso umekunjamana, baba anauliza "anasema nini?" mtoto anajibu "anasema niko sawa". Tunacheka leo. Baba wakati ule hakucheka, alikuwa anajua anadanganywa na hana namna.

Hilo la mtu mzima kugeuka mtoto wa watoto wake mimi naliweka juu kuliko hata baridi na theluji ambazo watu wanapenda kuzilalamikia. Mnawakumbuka Wabhutani? Hawa walikaa kwenye kambi za Nepal karibu miaka 20, kama sisi tulivyokaa Kigoma, wakaanza kuletwa Marekani kwa wingi kuanzia 2008. Wakaanza kujiua. CDC, ofisi ya afya ya serikali ya Marekani, wakaingia kuchunguza, kati ya Februari 2009 na Februari 2012 walihesabu watu 16, kiwango kikubwa kuliko cha Wamarekani wenyewe. Walipowauliza Wabhutani wengine nani anafikiria kujiua, yalijitokeza mambo kama kutokuwa mtafutaji wa familia, na kukosa mtu wa kumuegemea. Nilisoma hiyo nikafunga kompyuta nikaenda kukaa nje kidogo.

Kwa akina mama inakuja kivingine. Kambini mlango uko wazi, mvuke wa sombe ya jirani unakufikia, mtoto wako analia anabebwa na yeyote aliye karibu. Huku mama yuko ghorofa ya pili na mapazia yamefungwa kwa sababu keisiwoka alisema mambo ya wizi, mume yuko shifti ya mchana yeye ya usiku wanapishana kwenye ngazi, na kila mtu amemtisha kwamba akimchapa mtoto polisi watakuja wamchukue, kwa hiyo mtoto akimjibu vibaya anakaa kimya, na kile kimya kinamkaa mabegani. Nawaambia mabegani kabisa. Watu wetu hawaendi hospitali kusema nina huzuni. Wanaenda na mgongo, na tumbo linalowaka, na kichwa, na moyo unaokimbia usiku, wanapigwa eksirei na kila kitu kinarudi safi, wanapewa vidonge vya maumivu, wiki mbili wamerudi.

Na simu! Namba ya +255 ikiita saa tisa usiku, huko ni asubuhi tayari, wewe moyo unaanguka kabla hujapokea. Rasheni imekatwa, mtoto ana malaria, soko limefungwa, tuma hata dola 50. Ukisema sina wanaona umebadilika. Hawawezi kukuelewa na siwalaumu, hata mimi nikiwa kule nilikuwa nadhani aliyefika amefika.

Halafu ikaja Januari 2025. Mwaka wa bajeti uliokuwa umeisha, ule wa 2024, Marekani walipokea wakimbizi zaidi ya 100,000 na Congo ndo ilikuwa namba moja, karibu elfu 20, kwa hiyo watu wetu wengi walikuwa njiani, wengine na tarehe ya ndege kabisa. Tarehe 20 rais akasaini, mpango mzima ukasimamishwa. Shangazi yangu upande wa baba alikuwa kwenye hao. Alishauza sufuria, alishauza kuku, shamba dogo alilokuwa analima kwa kujificha alishampa mtu. Mama huku alishamnunulia kitanda, na kile kitanda mpaka ninapoandika kimeegemezwa ukutani chumba cha wadogo zangu na nailoni yake, hakuna mwenye ujasiri wa kukifunga wala kukirudisha dukani. Mwezi wa 11 mwaka huo huo ikatoka habari nyingine kwamba serikali itapitia upya kesi za wakimbizi walioingia kuanzia 2021, hata grini kadi zao zikasimama. Sasa umwambie mtu aliyeingia 2022, ambaye halali usingizi, aende akamfungulie daktari moyo wake kwenye kompyuta ya hospitali. Atakuuliza kama umetumwa.

Nataka niseme kuhusu mwaka mpya wa baba, ameniruhusu, nilimsomea kipande hiki kwa simu.

Ikifika Krismasi anaanza kuwa mkimya. Anafanya kazi, anaenda kanisani, ila ukimsemesha anajibu baadaye. Usiku wa tarehe 31 majirani zetu wanapiga fataki na yeye anajua ni fataki, hachanganyikiwi, Julai 4 amewahi hata kuwanunulia wajukuu. Lakini ile ya mwaka mpya hawezi. Kuna bafu moja nyumbani halina dirisha. Mama anaweka kigoda humo mapema, saa mbili saa tatu hivi, na blanketi, na redio ndogo ya nyimbo za injili, bila kusema kitu, na baba ikikaribia saa sita anasema anaenda kuoga. Tumeishi hivyo miaka, watoto wote tunajua na hakuna aliyewahi kulitaja. 

Aliyemfungua mdomo hakuwa sisi. Alianguka kazini, kifua kimebana, ambulensi, tukadhani ni moyo. Wakapima, moyo hauna tatizo. Daktari mmoja wa zamu, kijana tu, badala ya kumruhusu aende akavuta kiti akauliza swali lile lile la kwenye karatasi, una mawazo mengi? Na kwa sababu ilikuwa usiku hakukuwa na mkalimani wa mjini, wakapiga simu, akapatikana mama fulani yuko jimbo lingine huko, Kiswahili chake cha Mombasa, hatujui jina lake wala yeye hatujui. Mimi nilitaka kuingia nitafsiri nikakataliwa, nikakaa kwenye korido nina hasira. Walikaa humo muda mrefu. Baba alipotoka alisema kitu kimoja tu, "yule mama anasema kama redio, lakini anasikia." Ndo siku niliyoamua kazi ninayoifanya.

Usidhani baada ya hapo alikimbilia terapia. "Miye sina wazimu," aliniambia, kwa ile Fizi yake, na alikuwa na sababu. Kwetu mgonjwa wa akili ni yule anayetembea uchi sokoni, ukipewa dawa za akili basi mabinti zako hawataolewa, hakuna katikati. Ukiongeza wachungaji, basi. Hapa nitawaudhi watu lakini ngoja niseme. Kanisa limetushikilia, mimi sijui tungekuwa wapi bila kwaya, ule wimbo wa Kibembe Jumamosi jioni mazoezini unafanya kazi ambayo dawa haifanyi, mtu anaimba analia hakuna anayemuuliza. Na likelemba ya akina mama, ule mchezo wa kupeana hela kwa zamu, imetoa watu kwenye giza zaidi ya ofisi yoyote, maana siku ya kupeana hela ndo siku pekee mtu anapigiwa simu kwa nini hujaja. Lakini mchungaji anayemwambia mtu atupe vidonge kwa sababu ni pepo, huyo anacheza na uhai wa watu. Mtu anaweza kuombewa na akameza dawa siku hiyo hiyo, Mungu hagombani na famasia.

Kilichomvuta baba mwisho ni kikundi. Wanaume watu wazima, Jumamosi, chumba cha chini cha kanisa ambalo hata siyo letu, anaongoza mzee wa Kikongomani aliyefundishwa kidogo na mwanasaikolojia anayekuja mara moja moja. Chai, dama ya vizibo vya chupa, halafu wanaongea, au hawaongei. Nilikuwa na wasiwasi kwamba siyo wataalamu, mpaka nikakutana na utafiti uliotoka 2013, uliofanywa kwetu kabisa, mashariki ya Congo, kwa wanawake waliofanyiwa ukatili wa kingono. Tiba ilikuwa ya vikundi na waliokuwa wanaongoza hawakuwa madaktari, walikuwa wanawake wa huko huko wenye shule ya kawaida waliopewa mafunzo na kusimamiwa, na wale mama walipata nafuu kubwa kuliko waliopata msaada wa kawaida wa mmoja mmoja, na wengi hawakujua hata kusoma. Nakivale Uganda pia walishafanya kitu cha namna hiyo, wakimbizi wakafundishwa kuwatibu wakimbizi wenzao. Kumbe kinachotakiwa tunacho, kinachokosekana ni mtu wa kulipia chai na chumba, na hapo ndo utaona maofisi yanavyokwepa macho.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye kliniki kama kuna anayesoma Kiswahili, rudieni ile karatasi. Mwaka wa kwanza ukiisha, mwaka wa pili ukiisha. Ileile, chupa zilezile, gharama yake ni dakika kumi. Mtaona majibu.

Na kwa nyinyi wenzangu, mambo machache ambayo watu wananiuliza kila siku hivyo niyaweke hapa. Mkalimani ni haki yako na ni bure kwenye hospitali au kliniki yoyote inayopokea hela za serikali, tangu sheria ya haki za raia ya 1964, usimlete mtoto akutafsirie mambo ya chumbani kwako, hata wao hawaruhusiwi kumtumia mtoto labda iwe dharura. Unaruhusiwa kuomba mkalimani wa simu badala ya yule unayemjua, unaruhusiwa kuomba mwanamke, huna haja ya kueleza kwa nini. Ukisikia mtu anasema maneno ya kujimaliza, au wewe mwenyewe mawazo yamefika huko, piga 988, ni bure masaa 24, ukipokelewa na Kiingereza sema tu "Swahili", subiri usikate, wanakutafutia mkalimani, kuna ukimya kidogo hapo katikati na watu wengi ndo wanakata hapo.

Kuna hili la wazee na uraia pia, maana linawatia stresi mbaya sana. Mzee anasoma maswali ya uraia miaka mitatu, kaseti, simu, wajukuu wanamuuliza mezani, na hayakai kichwani, anaona ni mjinga. Mara nyingi ni usingizi uliokosekana miaka na huzuni iliyokaa, kumbukumbu inaathirika kweli. Ipo fomu inaitwa N-648 kwa mtu ambaye ugonjwa wa mwili au wa akili unamzuia kujifunza, ikikubaliwa anasamehewa mtihani wa Kiingereza na wa historia. Haina malipo ya serikali. Lazima ijazwe na daktari au mwanasaikolojia wa tiba mwenye leseni, na ndo maana mzee anatakiwa awe ameshaanza kutibiwa na faili lake lina maelezo, siyo kwenda siku moja kabla. Hapa mjini kuna watu wanatoza hela nyingi wakidai wao ndo wanaijaza, msiwape. Anzeni na daktari wake wa kila siku, mwambieni hilo jina la fomu tu, atajua, na kama hajui mpeni namba aitafute mwenyewe kwenye tovuti ya USCIS, ile idara ya uhamiaji na uraia.